Miche ya paini imegoma kukua, niongeze mbolea ya DAP?

SWALI: Bwana Miti za kazi. Niko Njombe, nina kitalu cha paini, miche kama 3,000 kwenye viriba (vile vifuko vya plastiki). Ina miezi minne sasa ila imedumaa, haijafika hata urefu wa kidole, majani mengine zambarau mengine njano. Udongo nilichota shamba la mahindi nikachanganya na mchanga na samadi kidogo. DAP nimeshaweka mara mbili, wapi! Jirani anasema niongeze, mwingine anasema ni ugonjwa nipige dawa ya fangasi. Desemba nataka kupanda, nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu DAP usiongeze, na hiyo dawa iache hukohuko dukani, maana inavyoonekana fangasi ndo kitu miche yako imekosa. Najua ukisikia fangasi unawaza vidole vya miguu, ila kuna wa faida. Paini kwetu ni mgeni, hii tunayopanda sana asili yake Mexico, na haijiwezi peke yake, mizizi yake inashirikiana na fangasi anayetandaza nyuzi nyembamba kwenye udongo, anafika pale mizizi isipofika, anarudi na maji na fosforasi, mche nao unamlipa sukari. Sasa shamba la mahindi huyo utamtoa wapi? Kule kisiwa cha Puerto Rico, Karibiani, walihangaika na paini miaka na miaka zinakufa tu, mpaka 1955 ulipoletwa udongo wa paini kutoka North Carolina, Marekani, ndo zikaanza kuchangamka.

Usiniamini kwa maneno. Chana kiriba kimoja, loweka mche kwenye beseni, osha mizizi taratibu bila kuivuta, uitazame juani. Mzizi wenye fangasi una vijizizi vifupi vinene vimegawanyika kama panda ya manati, na utando mweupe umeng'ang'ania udongo. Ukikuta vyembamba, vyeupe, visafi kama uzi wa kushonea, jibu unalo.

Hiyo zambarau ni njaa ya fosforasi, na utaniuliza mbona DAP imejaa fosforasi. Ni kweli, ila udongo mwekundu wenye tindikali unaikamata nyingi, mche peke yake hauna mkono wa kuichomoa. Na ukizidi kumwaga unamchelewesha fangasi kushika mizizi, kwahiyo hela inaenda na shida inabaki.

Nenda kwenye paini za zamani zenye afya (zenye ugonjwa usiguse, utabeba na balaa lake), fukua yale majani yake membamba kama sindano yaliyodondoka, chini utakuta tabaka jeusi lina nyuzi nyeupe linanukia uyoga. Chota hapo. Kwa miche uliyonayo toboa pembeni kwa kijiti, tia kama kijiko cha chakula, funika, mwagilia. Msimu ujao changanya mapema, ndoo moja ya huo udongo wa paini kwa tisa za udongo wako. Usiuanike juani wala kukaa nao wiki nzima, wale ni viumbe hai. Usitegemee muujiza wiki hii, na ikifika Desemba mche ambao bado ni zambarau usiupeleke shambani, uache kitaluni.

Halafu zile pakiti za fangasi wa mahindi na mboga usinunue kwa ajili ya paini, yule ni wa aina nyingine kabisa.

SWALI: Mimi wa Kilifi. Nimeng'oa mche wa mvinje nimekuta vinundu kwenye mizizi, ni minyoo?

JIBU: Kama vimejikusanya pembeni ya mzizi mfano wa tangawizi ndogo, hao ni bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, usivikate. Tena chukua vichache kwenye mvinje mkubwa wenye afya, twanga, koroga na maji, chuja, mwagilia miche isiyo navyo. Mbolea ya urea weka kando kwanza, ikizidi mche hauhangaiki kutengeneza vinundu.