Maswali yenu kuhusu Etalon, ule mpira wa Wasovieti

Wiki iliyopita niliitaja Etalon 1 juu juu tu, maswali yakamiminika. Haya.

Hiyo setilaiti si imeshakufa?
Itakufaje wakati haikuwahi kuwa hai? Ndani hakuna betri, hakuna redio, hakuna kompyuta, ni mpira tu wenye kipenyo cha mita 1.294 na kilo zake 1,415, umebandikwa vioo vidogo 2,146 mwili mzima, ukiupiga leza kutoka chini mwanga unarudi ulikotoka kama reflekta ya baiskeli ukiimulika usiku. Unapima ule muda wa kwenda na kurudi, ukiwa utosini ni kama sekunde 0.13 hivi, zidisha na kasi ya mwanga, gawa kwa mbili, umbali huo hapo. Stesheni za leza zinaupiga mpaka leo.

Sasa kilo zote hizo za nini kama hauna mashine?
Jua, ndugu yangu. Mwanga wa jua unasukuma, kidogo mno lakini hauchoki, na kitu chepesi chenye mwili mpana kinatolewa njiani mapema. Kizito hakiyumbi ovyo, na kikiwa duara hata kijizungushe vipi jua linakuta umbo lilelile. Wamarekani walifanya hivyohivyo na LAGEOS, mpira wao wa vioo, mwaka 1976, wao sentimita 60 tu, ila kilomita 5,900 juu.

Naona imeandikwa Kosmos 1989, hilo ni jina au mwaka?
Vyote, kwa bahati tu! Ilirushwa Baikonur tarehe 10 Januari 1989 kwa roketi ya Proton, abiria mmoja na GLONASS mbili (setilaiti za Wasovieti za kuonyesha mahali ulipo, kama GPS), na namba ya Kosmos, jina la jumla walilozipa setilaiti zao, ikagongana na mwaka. Etalon 2 ilifuata 31 Mei mwaka uleule, nayo inaitwa Kosmos 2024, kwa hiyo msije mkasema imerushwa juzi.

Inapita kwetu?
Inapita. Iko kilomita 19,120 juu, raundi moja dakika 676, njia yake imeinama karibu digrii 65, Mombasa imo humo. Kwa macho matupu huioni.

Faida yake?
Kupima dunia inavyozunguka na stesheni zilipo hasa. LAGEOS ndio wabeba mzigo, Etalon zinaongezea.

Itaanguka lini?
Kule hakuna hewa ya kuipunguza kasi. Wajukuu wa wajukuu zako wataikuta hukohuko.