Kwamba Nipo Najua; Kwa Nini Nafanya, Waulizeni na Wengine

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, yupo mtu anayeweza kukujua kuliko unavyojijua mwenyewe?" Nadhani wengi watajibu hapana kabla hawajamaliza kulisoma. Mimi nipo ndani, wengine wako nje. Nani atanishinda kwa habari zangu? Wahenga nao hawatuamulii, maana walisema pande zote mbili: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na papo hapo nyani haoni kundule. Jibu langu ni kwamba methali zote mbili zina haki, ila kila moja ina jambo lake, na ubishi mwingi kuhusu nafsi unatokana na kuyachanganya mambo hayo.

La kwanza ni kwamba nipo na kwamba nahisi. Hapa sina mshindani. Ibn Sina, mwanafalsafa na tabibu aliyefariki mwaka 1037, alimtaka msomaji amfikirie mtu aliyeumbwa ghafla akiwa mzima, anaelea hewani, macho yamefunikwa, viungo vimeachanishwa visigusane, na hata upepo haumpigi. Haoni, hasikii, hajui kama ana mkono au moyo. Je, atatilia shaka kwamba yupo? Ibn Sina alisema hapana: atathibitisha kuwapo kwake bila kuthibitisha kiungo hata kimoja. Miaka mia sita baadaye Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, alifika karibu na hapo kwa njia ya shaka, akapata sifa kubwa zaidi. Mimi navutiwa na yule anayeelea kwa sababu hahitaji kushindana na shaka yoyote ili ajikute. Sikubali hitimisho lote, kwani Ibn Sina alitaka kuonyesha kwamba nafsi si mwili, na kutokuijua mikono yako hakuthibitishi kwamba nafsi yako inaweza kuishi bila mwili. Lakini kiini chake kinasimama. Nikisema naumwa, daktari anaweza kuniambia haoni jeraha. Hawezi kuniambia kwamba siumwi.

Tazama, hata hivyo, jinsi ujuzi huo ulivyo mwembamba. Anayeelea anajua yupo. Hajui kama ni mpole au mkali, wala akitua chini atamnunia nani na kwa sababu gani. Hilo la sababu ndilo jambo la pili, na hapo ndipo naanza kutofautiana na wale wa hapana.

Mwaka 1977 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, walieleza jaribio walilolifanya dukani. Walipanga mbele ya wateja soksi ndefu za nailoni, jozi nne zinazofanana kabisa, wakawaomba wachague zilizo bora. Zilizokuwa mwisho upande wa kulia zilichaguliwa karibu mara nne ya zile za mwisho upande wa kushoto. Wateja walipoulizwa sababu hakuna aliyetaja mahali soksi zilipowekwa, na walipoulizwa waziwazi kama mahali palichangia, karibu wote walikataa. Waliona ubora. Mtu aliyesimama pembeni na daftari alijua sababu ya chaguo lao. Wao wenyewe hawakuijua, na hawakuwa wanasema uongo.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha watafiti wa ubongo Michael Gazzaniga na Joseph LeDoux, mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikuwa na mgonjwa kijana ambaye fungu la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo lilikuwa limekatwa ili kupunguza kifafa. Kwa mtu wa namna hiyo, kinachotokea upande wa kushoto wa mahali anapotazama kinafika nusu ya kulia tu, na cha upande wa kulia kinafika nusu ya kushoto tu, ambayo kwa watu wengi ndiyo inayosema. Nusu ya kushoto ilionyeshwa mguu wa kuku, na ya kulia ikaonyeshwa nyumba iliyozungukwa na theluji. Kisha aliombwa achague picha zinazolingana na alichokiona. Mkono wa kulia ulimchagua kuku, wa kushoto ukachagua beleshi. Beleshi lilikuwa la kuondolea theluji, ila nusu inayosema haikuiona theluji hata kidogo. Kijana alipoulizwa sababu hakusita: mguu ni wa kuku, na beleshi ni la kusafishia banda la kuku.

Angeweza kusema "sijui". Hilo ndilo lingekuwa jibu la kweli la nusu ile ya ubongo, na halikuja. Yalikuja maelezo safi, yenye mantiki, na kwa kadiri watazamaji walivyoona, yalitoka bila dalili ya kubahatisha. Gazzaniga aliuita uwezo huo wa nusu ya kushoto mfasiri: hupokea matendo yaliyokwisha kutokea, kisha huyatungia sababu. Na kama mfasiri anaweza kufanya kazi hiyo bila kuona theluji, nitajuaje mimi, mwenye ubongo usiokatwa, ni lini wangu anasoma sababu yangu na ni lini anaitunga? Kwa ndani, zote mbili zinasikika kwa sauti ile ile.

Najua nitaambiwa kwamba soksi ni jambo dogo na kijana yule alikuwa mgonjwa. La kwanza nalikubali nusu. Mtu aliyekaa mwezi mzima akipima jambo zito, akiandika faida na hasara, ana ushahidi ambao wengine hawana. Lakini ni matendo mangapi ya siku yanapimwa hivyo? Mengi yanatoka yenyewe, sababu inafuata baadaye mtu akiuliza. Kila mmoja wetu amewahi kumsikia mtu akipaza sauti kwamba hajakasirika, na kila aliyekuwepo alijua isipokuwa yeye. Kaka yangu akinisikia nikiitikia mwaliko kwa "tutaona", huwa ameshajua siendi. Mimi wakati huo bado naamini nafikiria.

Utafiti wa mwanasaikolojia Simine Vazire wa mwaka 2010 uligawa kazi hii vizuri kuliko ninavyoweza. Aliwapima watu kwa njia zilizo nje ya maoni yao wenyewe, akalinganisha na walivyojieleza na marafiki zao walivyowaeleza. Katika mambo ya ndani kama wasiwasi, mwenyewe alikuwa shahidi bora. Katika mambo yanayogusa heshima ya mtu, kama akili yake, marafiki walimshinda. Sioni ajabu. Hisia haionekani kwa aliye nje, na sifa ina mwenyewe anayetaka iwe nzuri.

Wapo wanaochukua majaribio kama haya wakasema nafsi haipo kabisa. Mwanafalsafa wa Uskoti, Hume, alilikaribia hilo mwaka 1739 aliposema kwamba kila alipojichungulia alikuta joto au baridi, mapenzi au chuki, maumivu au raha, asijikute yeye mwenyewe bila kitu kama hicho. Uangalizi wake ni mzuri. Lakini anayesema nafsi ni mazingaombwe matupu lazima aseme mazingaombwe hayo anafanyiwa nani, na jibu hilo sijalisikia. Ninachokubali ni kidogo zaidi: msimulizi ndani yangu si shahidi wa kutegemewa.

Na wenye kuona kutoka nje wasijisifu kupita kiasi. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walieleza habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kichwa katika ajali ya barabarani. Alikuwa anafungua macho bila kuitikia chochote, na kwa vipimo vya kitandani alihesabiwa kuwa hana fahamu. Akiwa ndani ya mashine inayopima shughuli za ubongo, aliombwa awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea katika vyumba vya nyumba yake. Ubongo wake ulifanya kazi katika sehemu zile zile zilizofanya kazi kwa watu wazima wenye afya walioombwa hayo. Wapo waliobisha kwamba huo si uthibitisho wa fahamu. Kama ilikuwa fahamu, na mimi naamini ilikuwa, basi kila aliyesimama kando ya kitanda alikosea kuhusu jambo moja tu ambalo mwanamke huyo peke yake alilijua. Hapo ndipo penye kunguni wa kitanda kile.

Kwa hiyo kwa swali lenu najibu ndiyo, kwa sababu za matendo na kwa tabia. Hapana, kwa kuwapo na kuhisi. Lakini kuna jaribio moja linaloniharibia mgawanyo huu. Mwaka 2005 watafiti Petter Johansson na Lars Hall, wakiwa Sweden, pamoja na wenzao waliwaonyesha watu picha mbili za sura na kuwaomba wachague inayovutia zaidi. Kwa ujanja wa mikono, mara nyingine mchaguaji alipewa picha aliyoikataa na kuombwa aeleze kwa nini ameichagua. Mara nyingi hawakugundua, wakaeleza kwa kujiamini. Mmoja alisifu hereni, na sura aliyoichagua kwa kweli haikuwa nazo. Mpaka hapo ni yule yule mfasiri. Mwaka 2014 kundi hilo hilo lilitoa matokeo mengine: watu walioletewa sura waliyoikataa, wakaitetea, walipochagua tena walielekea kuipenda zaidi kuliko mwanzo. Sababu ya kutunga ilikuwa imeanza kuwa sababu ya kweli.

Hilo linamgusa hata anayenijua vizuri kutoka nje. Anajua nilivyokuwa mpaka leo asubuhi. Simulizi yangu, hata kama ni ya kubahatisha, inaweza kunielekeza mahali ambapo yeye bado hajaniona. Sasa wale wa hapana wanijibu: mtu yule alipoichagua mara ya pili sura aliyoikataa mwanzo, alikuwa amejijua au amejitunga? Mimi nadhani yote mawili, na kwa aliyekaa ndani sioni njia ya kuyatenganisha.