Kabla Hujasifu Banda la Orangutani, Inua Shingo

Nilipoanza kazi ya kuwahudumia orangutani, sokwe wakubwa wenye manyoya mekundu, katika bustani ya wanyama, nilijivunia uwanja wao. Mpana, nyasi zimekatwa vizuri, dimbwi upande mmoja na gogo katikati. Wageni walisifu sana. Lakini orangutani wenyewe kutwa nzima walikaa wameegemea mlango wa chumba cha kulala, wamejifunika magunia kichwani. Ilinichukua miezi kadhaa kung'amua kwamba mnyama wa vileleni mwa miti tulikuwa tumempa kiwanja cha mpira.

Katika misitu ya Borneo na Sumatra, visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, orangutani hula juu, husafiri juu, na jioni husuka kiota cha matawi akalala hukohuko juu. Kwa hiyo ukitaka kupima banda lake, usihesabu hatua. Inua shingo. Je, anaweza kukaa juu ya vichwa vya watu? Je, kuna kitu kinachoyumba? Mlingoti wa chuma usiotikisika ni ngazi tu. Tawi la kweli huinama, na mwenye kulishika hulazimika kufikiri kabla ya kuhamisha uzito wake. Sisi tuliomba mipira chakavu ya maji ya zimamoto, tukaisuka kuwa nyavu na machela. Haikugharimu sana. Wenye uwezo wamefika mbali zaidi: bustani ya Smithsonian mjini Washington ilitundika nyaya kwenye minara mirefu mwaka 1995, na orangutani huvuka juu ya wageni kutoka jengo moja hadi jingine, akipenda.

Hilo la kupenda mwenyewe ndilo ninaloliangalia baada ya urefu. Orangutani si sokwe wa kuishi kundi kubwa. Dume mzima porini hutembea peke yake muda mwingi. Ukiwafungia wote chumba kimoja kila siku kwa sababu wageni hupenda "familia", unatafuta ugomvi. Wape vyumba kadhaa na milango ya kupishana. Ila mtoto asiondolewe kwa mama yake: hunyonya miaka sita hata zaidi, na karibu yote atakayoyajua hujifunza kwa kumtazama mama.

Chakula nacho nilikikosea. Nilikuwa namimina matunda kwenye sinia asubuhi, dakika kumi yamekwisha, kisha siku nzima hakuna la kufanya ila kunenepa. Matunda ya sokoni yana sukari nyingi kuliko ya msituni. Tukapunguza, tukaongeza mboga za majani na matawi yenye magome, na vingine tukavificha ndani ya magogo yaliyotobolewa. Vijiti vya kuvichokolea walijitafutia wenyewe.

Na hapo ndipo utakapojua unashughulika na nani. Mwaka 1968, kwenye bustani ya Omaha huko Marekani, dume aitwaye Fu Manchu alitoroka mara kwa mara hadi walipogundua kwamba alikuwa akifungua mlango kwa kipande cha waya alichokificha mdomoni. Mimi baada ya kila matengenezo huhesabu skrubu, kisha nahesabu tena. Wenzangu hunicheka.

Kwako wewe mgeni, nina ombi moja: ukiwa na mafua, usisogee karibu nao. Magonjwa yetu ya kifua huwapata, na wao wana mfuko wa hewa kooni ambao ukishaambukizwa, matibabu yake ni marefu na ya kuchosha. Usigonge kioo pia. Kama humwoni, huenda ana mahali pazuri pa kujificha, na hiyo ni alama ya banda jema. Rudi saa za jioni, anapokusanya matawi na magunia kutandika kitanda. Huwa anatandua na kuanza upya asiporidhika.