Re: Kijana wetu ana futi 6 na inchi 8, kachelewa kuanza kikapu?

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kama huyo mtoto wa dadako, miaka 16, kachelewa kuanza mpira wa kikapu, na magoti yanamuuma. Kuchelewa hajachelewa. Hasheem Thabeet, yule wa Dar wa futi 7 na inchi 3, alianza akiwa na kama miaka 15, akaenda kusoma Marekani, akachezea chuo cha Connecticut na 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamchagua namba 2 kati ya wachezaji wapya, Mtanzania wa mwanzo NBA, ile ligi kubwa ya kikapu ya Marekani.

Lakini kabla ya mpira angalieni moyo kwanza. Mtoto mrefu hivo, ikiwa vidole vyembamba virefu na mikono akiitandaza inapita urefu wake, mwambieni daktari amtizame maradhi ya Marfan, maana ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo unaweza kutanuka na yeye hasikii chochote. Isaiah Austin, mchezaji kikapu wa Marekani, alikutwa nayo 2014, siku chache tu kabla ya siku ya NBA kuchagua wachezaji wapya. Mwanangu nilimpeleka akapigwa ultrasaundi ya moyo, nilikuwa natetemeka wallahi, alhamdulillah ikawa salama.

Magoti sasa, wangu yalimuuma pale kwenye nundu chini ya goti, mifupa inakua mbio misuli inabaki nyuma, na kocha anamrusha kwenye saruji kila siku mpaka mtoto akawa anachechemea, nikamtoa wiki sita akarudi mdogo mdogo. Viatu ndo mtihani, saizi 50 soko la Darajani nimezunguka sikupata, naagizia Dar. Na skuli asiache kabisa.