Boriti, Makaa na Maji ya Mzima

Barua za juma hili karibu zote ni za miti. Naanza na ya mwanafunzi, maana ndiyo iliyonikalisha usiku.

Mwalimu anasema Kenya inategemea mali ya asili, lakini kitabuni misitu inachangia kidogo sana pato la taifa. Inakuwaje? – Mwanafunzi, Tudor

Mwanangu, kasoro iko kwenye daftari. Mti huingia kwenye hesabu siku unapoangushwa, ukawa mbao, nguzo, kuni au makaa. Ukiwa umesimama, kazi yake huandikwa kwa jina la mwengine.

Fungua mfereji hapo kwenu. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, kwa bomba lililolazwa miaka ya 1950. Maji hayo ni mvua iliyonyesha vilima vya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkano, ikachujwa chini kwa chini mpaka ikatokea Mzima. Mengine hutoka Marere, ndani ya msitu wa Shimba Hills. Bili ukilipa, fedha zinahesabiwa ni za maji. Kamba waliokulia kwenye mizizi ya mikoko ya hori (mkono wa bahari) la Tudor wakifika sokoni, hesabu yao ni ya uvuvi. Msitu hautajwi popote.

Sasa tuseme Chyulu pamekatwa leo. Pato la mwaka huu litapanda kwa bei ya mbao, na hasara ya maji itajitokeza miaka mingi baadaye, kwenye bajeti ya idara nyengine. Muuza duka wa Marikiti akitoa bidhaa rafuni, akaziuza, akala fedha zote bila kurudisha mzigo, majirani watasema anakula mtaji. Nchi inayoishi kwa mali ya asili ikifanya hivyo, tunaambiwa uchumi umekua. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo, na nakuomba ukifika chuo kikuu uihoji.

Boriti mbili za nyumba yetu ya urithi zimeoza. Fundi anataka kuweka chuma. Mkoko haupatikani tena kihalali? – Mzee wa Mji wa Kale

Shikamoo mzee. Mikoko ya pwani yetu ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hivyo mzigo halali una karatasi za KFS, shirika la serikali la misitu, ya kukata na ya kusafirisha. Muuzaji akuonyeshe zote mbili kabla hujatoa fedha. Kilichofungwa 1982 ni kuuza nje.

Nilipokuwa mdogo nikilala chali chumbani kwa bibi, nikihesabu boriti, nilimuuliza kwa nini chumba ni kirefu hivi na chembamba hivi. Akaniambia, "Upana wake ni urefu wa mti." Ndivyo ilivyo: boriti haifiki mbali, na dari la mawe na chokaa ni zito, basi ukuta ulilazimika kusogea. Mkoko ndio uliotuchorea nyumba zetu. Wakataji nao walikuwa na hesabu yao, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene na jina lake, zikiuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Majahazi yalizipeleka Arabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea, yakarudi na tende na mazulia. Huko ndiko zilikojenga majumba. Kwetu ilibaki bei ya mti mbichi na visiki.

Kwa boriti zako mbili, weka mkoko. Chuma katika chumvi ya hewa yetu hushika kutu, kikavimba, kikapasua chokaa. Nguzo za mvinje, mti wa kupandwa, ziwe za jukwaa la mafundi tu.

Makaa yamekuwa ghali na nasikia yanamaliza misitu. Nifanyeje na napikia watu chapati? – Mama muuza chakula, Kisauni

Dada, sikuambii uache makaa kesho wakati watoto wanakula kwa jiko hilo. Muulize anayekuletea yametoka mti gani. Ya mathenge kutoka Tana River yanawaka vizuri, na mti huo umevamia malisho ya watu, kuukata ni kuwasaidia. (Kumbukumbu zake nchini zinaanzia 1973, machimboni hapa hapa Bamburi.) Jiko lenye udongo ndani nalo linapunguza makaa kuliko la bati tupu.

Gazi wanauza hewa. Ni kweli au ni ulaghai? – Mvuvi, Likoni

Ni kweli, ndugu yangu. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza 2013 kwa hekta 117. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanailinda na kuipanda, kaboni, yaani hewa chafu ambayo miti hiyo huivuta na kuihifadhi, inapimwa, na wanunuzi wa ng'ambo wanailipia. Fedha zimeingia kwenye maji na shule. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba walipanda na mvinje, ili mwenye kutaka nguzo asirudi mikokoni usiku. Wasiwasi wangu ni bei: inapangwa mbali, kama ilivyokuwa ya boriti.

Twaweza kukata kuni kwenye kaya? – Kijana, Kwale

La. Kaya ni msitu mtakatifu wa Mijikenda. Hata kijiti kilichoanguka, waulize wazee kwanza.

Kikundi chetu kilipanda mikoko mia mbili, ikafa yote. Tulikosea wapi? – Vijana wa Mikindani

Poleni sana. Mmeniandikia kwamba mlichuma mbegu mtini, zikiwa kijani kote, mkapanda penye mawimbi. Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano shingoni na hudondoka ukiigusa. Isiyo na pete iacheni. Mbele kabisa, baharini, ni pa mlilana, aina nyengine ya mikoko. Mkoko unataka tope lililotulia nyuma yake. Angalieni palipo na visiki vya zamani, hapo ulishamea. Nendeni siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, maji yakiwa yametoka. Ncha kali iwe chini, theluthi izame topeni, hatua moja baina ya mbegu na mbegu, na msilikanyage tope pembeni yake mkiondoka.