Barafu ikiondoka si mawingu yatapoza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nipo Muheza, nimesoma barafu ya baharini kule Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, inazidi kupungua. Sasa najiuliza, barafu ikitoka maji yanabaki wazi, yanatoa mvuke, mvuke unakuwa mawingu, mawingu yanaziba jua, si kutapoa tena barafu irudi? Hofu ya nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefikiria vizuri, ila mawingu yanachelewa. Kule kiangazi jua halizami, na hapo ndo ungeyataka, maana barafu yenye theluji inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wakati bahari iliyo wazi inameza zaidi ya asilimia 90. Lakini maji yaliyotoka kuyeyuka sasa hivi yana baridi karibu nyuzi 0 na hewa iliyo juu yake ina joto kuliko yenyewe, kwa hiyo hewa ya chini imelala tu, haipandi. Mawingu yapo mengi kweli, ila hayaongezeki eti kwa sababu barafu imetoka.

Yanakuja kuongezeka Septemba na Oktoba, bahari imeshajishindilia joto, hewa imepoa, mvuke unafuka kama sufuria ya chai alfajiri. Na jua nalo ndo linaaga! Kivuli cha nini tena? Hapo wingu linageuka blanketi. Muulize mtu wa Njombe mwezi wa saba, usiku wa anga jeupe anaamka majani yameganda, usiku wa mawingu ana nafuu. Basi na bahari hivyohivyo, barafu mpya inachelewa kuganda, inakuwa nyembamba, kiangazi kijacho inaisha upesi.

Halafu mawingu yale yana vituko (hiki ndo ninachokipenda mimi), hata kwenye baridi ya hasi 20 yanabaki na matone ya maji ambayo hayajaganda, na wingu la maji linazuia joto lisitoroke kuliko wingu la chembe za barafu tupu. Mwaka 2019 meli ya Wajerumani, Polarstern, iliachwa makusudi igandie kwenye barafu ibebwe nayo, watu wapime hewa na mawingu usiku wa miezi kadhaa.

Huko kupoza unakokusema kupo, hujakosea. Vipimo vilivyochukuliwa juu ya barafu mwaka 1997 hadi 1998 vilionyesha mawingu yanapoza wiki chache tu katikati ya kiangazi, miezi iliyobaki yanapasha.