Jibu: mzizi kṛ na watoto wake

Mkuu, umeuliza kama mizizi ya vitenzi vya Kisanskriti ilibuniwa na Pāṇini, mwanasarufi wa kale wa India, na inakuwaje karma na cikīrṣati zitoke mzizi mmoja.

Kubuniwa, hapana. Wanasarufi waliyachambua maneno yaliyokuwa yakisemwa, na orodha yao, Dhātupāṭha, ina mizizi kama 2,000 katika makundi 10. Whitney, Mmarekani wa karne ya 19, alilalamika kwamba zaidi ya nusu haionekani kwenye maandishi. Alikuwa mkali mno kwa maoni yangu. Baadhi imejitokeza kwenye Kipali, lugha ya kale ya India iliyo ndugu ya Kisanskriti.

Sasa kṛ, "fanya". Irabu yake, ṛ, ikipanda daraja (guṇa) unapata kar-: karoti "anafanya", kartṛ "mtendaji", karma "tendo". Ikipanda tena (vṛddhi), kār-: kārayati "anafanyisha". Kwenye kutendwa irabu haipandi: kriyate "inafanywa". Cikīrṣati ndiyo tamu: silabi ya mwanzo hurudiwa, k ikageuka c (isome "ch"), kisha huja -sa- (hapa -ṣa-) ya kutamani, yaani "anataka kufanya". Sisi tuna -isha ya kusababisha, ila kiambishi cha kutamani hatuna.

Ukikutana na kurvanti, "wanafanya", usishtuke. Ni huyohuyo kṛ, mkorofi tu kwenye wakati uliopo.